Sahani Ambayo Watazamaji Hawakuiona

Yangon,
Jumapili, katikati ya msimu wa mvua

Kwako Dada yangu mpendwa Nu Yin,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na Mama, ambaye nampigia magoti nikiwa huku mbali. Natumaini goti lako limepata nafuu na paa la darasa lako halikudondoshei maji tena unapoandika ubaoni. Mwambie Mama samaki wakavu walifika salama, ingawa behewa zima lilijua nimebeba nini. Ile homa ya mwezi uliopita imekwisha na ninakula vizuri. Kilichonipotea ni usingizi, na sababu yake utaikuta humu.

Barua hii sikuitia posta. Anakuletea mke wa Ko Win Bo, yule rafiki yangu mhariri wa jarida, kwa kuwa anakuja huko Mawlamyine kumwona mama yake. Isome ukiwa peke yako, kisha uitie motoni, maana ina majina ya watu.

Uliniuliza, kama kawaida yako, nimetazama filamu gani siku hizi na nimezionaje. Nitaanza na hizo, kwa sababu habari nyingine zote zimetokea humo.

Mwezi uliopita ililetwa ofisini kwetu, kwenye ukaguzi wa filamu, filamu ya zamani, ya enzi za bibi, ikiombewa kibali kipya. Mke wa fundi reli anauza maua na kumngoja mumewe. Anaimba ameegemea nguzo, na nguzo inatikisika kwa kuwa ni ya karatasi ngumu. Hata hivyo niliipenda. Kamera inamkalia usoni wakati hasemi neno, bila haraka yoyote. U Ohn Pe, mzee anayeendesha mashine ya kuonyeshea, alitoa kichwa kwenye kidirisha chake akasema yule mama alikuwa akilia kwa macho, na hawa wa leo wanalia kwa kitunguu, tena kitunguu chenyewe kimeoza.

Baada yake tukatazama mpya, ya askari kanzu. Ndani ya nyumba nywele zake zimechanwa upande wa kushoto, akitoka barabarani zimehamia kulia. Anapigwa risasi saba na bado ana pumzi ya kumuusia mdogo wake kuhusu masomo. Daw Kyin Htwe, mkuu wetu wa masjala, ambaye huwa hacheki kazini, aliniinamia akanong'ona kwamba huyu hafi mpaka amalize mahubiri. Tuliipitisha bila kukata kitu, maana hakuna wa kuionea wivu.

Ya tatu ndiyo iliyoniletea balaa. Inaitwa Taa ya Mlango wa Nyuma. Ni hadithi ya mwalimu mjane na binti yake anayetaka kuolewa. Ni filamu ya kawaida, muziki umezidi, na mchumba anatembea kama aliyebanwa na viatu. Lakini ina tukio moja, ambalo halifiki hata dakika. Mama anaandaa chakula cha mchana. Mezani wapo yeye, binti, na babu mzaa baba, na kuna sahani ya nne isiyo na mtu. Unajua sisi kijiko cha kwanza cha wali ni cha mkubwa, awepo asiwepo. Yule mama anachota kijiko cha kwanza, anampita babu, anakiweka kwenye sahani isiyo na mtu, anaifunika kawa, kisha ndipo anampakulia mkwewe. Babu anatazama na hasemi kitu. Baadaye binti anataja mara moja tu, kama kwa bahati mbaya, kwamba kaka angekuwepo angeipenda supu hii.

Kazi yangu katika chumba kile, Dada, ni kukaa nyuma ya Mwenyekiti na kuandika. Akigonga kalamu kwenye mkono wa kiti, mimi naandika ni mkanda wa ngapi na dakika ya ngapi, na kipande hicho hukatwa. Hapo aligonga. Taa zilipowashwa akasema kumtanguliza mtoto mbele ya babu ni kufundisha watu utovu wa adabu. Tulikuwa sita chumbani, na hakuna aliyeuliza kaka yule amekwenda wapi. Nikaandika: mkanda wa tatu, dakika ya kumi na moja, kinyume cha mila. Kikakatwa.

Filamu ikatoka. Wiki mbili baadaye jarida la Ko Win Bo likatoka nalo, na ndani yake ukurasa wa filamu wa Shangazi wa Kiti cha Mwisho, yule unayemkata kwa mkasi na kumbandika darasani. Safari hii Shangazi aliwacheka wote kama kawaida yake, akamcheka mchumba na viatu vyake, kisha akaandika kwamba angesamehe muziki wote ule kwa ajili ya kijiko kimoja cha wali kilichompita babu.

Watu wakaenda kukitafuta hicho kijiko. Mwanamume mmoja alirudi sinema mara mbili, na mara ya pili akamfuata meneja akadai ameibiwa kijiko chake. Wasomaji wakaandika kwa mhariri: Shangazi alikuwa amelala, au sisi ndio tulilala? Kicheko hicho kikapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka kikamfikia Mwenyekiti, na huko hakikuwa kicheko tena. Ukiacha waliolitengeneza, tukio lile lilikuwa limeonekana na watu sita tu. Mwenyekiti alituita, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa upole nani kati yetu ana shangazi.

Ko Win Bo aliitwa akahojiwa asubuhi nzima. Alishikilia kwamba karatasi za Shangazi huja kwa posta bila anuani, na huchanwa zikishapangwa chapa. Wakamwachia kwa onyo, na ule ukurasa ukafutwa.

Zamu ikawa ya U Ohn Pe. Nimekwisha kukuandikia habari zake, jinsi anavyoniita mwanangu na kunitania kwamba naandika hata nikipiga chafya. Kila mtu anajua mdomo wake. Kwenye mkahawa wa chai mbele ya ofisi yeye ndiye anayewaeleza wenye teksi filamu ipi ni ya kutazama na ipi ni ya kupelekea mkwe usiyempenda. Walipofungua kabati lake wakakuta vipande vya filamu, kumi na kitu, vilivyokatwa miaka mingi iliyopita. Vilikuwa vya mwigizaji mmoja wa zamani akicheka. Alivitumia kama alama kwenye kitabu chake cha sala. Cha kijiko hakikuwemo, lakini nani alikuwa anauliza.

Mimi ndiye niliyeandika mahojiano yake. Walimuuliza kama yeye ndiye Shangazi. Akasema, "Mabwana, mimi nikitaka kusema nasema kwa huu mdomo, na mnausikia mpaka ghorofani. Kalamu naishika siku ya mshahara tu." Mmoja akacheka, Mwenyekiti hakucheka. Kisha akanigeukia mimi, akauliza kama nimewahi kumsikia mzee huyu akizungumza filamu za ofisi mkahawani. Nikasema ndiyo, nimewahi. Ulikuwa ukweli, Dada, na nikauandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, chini ya jina langu. U Ohn Pe alinitazama kidogo, akarudisha macho yake sakafuni. Siku hiyohiyo alisimamishwa kazi. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu. Faili lake lilipangwa kwenda wizarani kesho Jumatatu saa tatu asubuhi, na linaloingia huko kwa jambo la namna hii huwa halirudi na barua ya kustaafu. Wengine nao hawakurudi nyumbani kwa miaka.

Dada, Shangazi ni mimi.

Nimekaa na sentensi hiyo kwa siku nyingi, na sasa nimeiandika inaonekana fupi. Ilianza na barua zangu kwako. Mwaka juzi nilisahau moja juu ya meza mkahawani, Ko Win Bo akaisoma, akacheka mpaka chai ikamtoka puani, akaniomba nimwandikie nyingine kama ile bila jina. Sauti niliyoitumia ni yako. Ukisoma Shangazi na kusema mama huyu ana akili, ulikuwa unajisifu mwenyewe bila kujua, nami nilikuwa nafurahi peke yangu huku. Nilijiwekea sheria: nisiandike juu ya filamu yoyote mpaka niende kuitazama tena sinema pamoja na watu, nikae kiti cha nyuma, na niandike kile tu walichokiona wao. Niliifuata sheria hiyo kwa filamu kumi na tisa.

Hii ya ishirini nilikuwa na homa. Jarida lilikuwa linangoja, nikaandika nikiwa kitandani, kwa kukumbuka. Utaniuliza niliwezaje kusahau kipande ambacho nilikiandikia mimi mwenyewe amri ya kukatwa. Nami nimejiuliza hivyo kila siku. Jibu nililolipata ni kwamba akilini mwangu tukio lile halikuwa la filamu. Nimelitazama mezani kwetu tangu Kaka Aung Zay alipovuka mpaka, mwaka ule wa maandamano. Nimemwona Mama akimpita Babu, na Babu akinyamaza. Ofisi iliweza kulikata kwenye mkanda wa tatu, lakini mimi nilipofumba macho lilikuwa palepale.

Na hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa hiyo nikuambie na hili pia. Nilipoomba kazi hii miaka mitatu iliyopita, fomu iliuliza mama yetu ana watoto wangapi na wako wapi. Nikaandika wawili. Wewe hukujua, na Mama hakujua. Nilijiambia ni kwa ajili ya kuwalinda. Sasa wakimjua Shangazi watauliza kwa nini kijiko kile kilimgusa hivyo, na wakiuliza hilo watafika kwenye ile fomu, na kutoka kwenye fomu watafika mlangoni kwenu.

Alhamisi, ofisi ilipofungwa, nilikwenda nyumbani kwa U Ohn Pe. Nilikuta anamenya vitunguu saumu pamoja na mkewe, akanikaribisha chai na majani ya chai yaliyochachushwa, kana kwamba nimekuja kumjulia hali. Nilipofungua mdomo akanizuia. Alisema anajua tangu ukurasa wa kwanza wa Shangazi. Mwendesha mashine, alisema, hatazami filamu, yeye ameshaichoka. Anatazama migongo ya watu kupitia kidirisha, na mgongo wangu ulikuwa unacheka mahali palepale Shangazi alipokuja kucheka baadaye. "Na siku ya kijiko," akasema, "ulijifuta uso kwa daftari la serikali. Nikajua huyu mtoto ana mtu wake." Hakuniuliza ni nani. Aliniambia yeye amebakiza miezi mitano na mimi miaka thelathini, hesabu hiyo haihitaji shule, nirudi nyumbani nikanyamaze. Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye sinia.

Hili ndilo ninaloungama kwako, zaidi hata ya ule ukurasa: nilikubali. Nilimshukuru, nikanywa chai yake, nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi, na nikalala kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa. Ijumaa asubuhi nikafika ofisini kulifunga faili lake, kwa kuwa mimi ndiye ninayefunga mafaili ya wizarani kwa utepe. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa ile yenye jibu langu. Ndiyo, nimewahi kumsikia. Chini yake saini yangu. Nilifunga fundo mara tatu, na mara tatu nikalifungua.

Nilichukua karatasi safi nikaandika kwamba Shangazi ni mimi, na kwamba U Ohn Pe hakuwahi kutamka neno juu ya kile kijiko, mkahawani wala penginepo. Niliandika kwamba watoto wa mama yangu ni watatu, na fomu yangu ya kazi ina kosa nililolifanya kwa makusudi. Kuhusu Ko Win Bo niliandika kwamba nilituma kwa posta; huo ndio uongo pekee katika ukurasa mzima, na ndiyo sababu barua hii inaingia motoni. Nikainakili mara moja, nikampelekea Daw Kyin Htwe zote mbili. Aliisoma mara mbili. Aliniuliza kama nina hakika na tarehe. Nikasema ninayo. Akagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala zote mbili, akaitia ya kwao juu ya faili, akalifunga utepe yeye mwenyewe, akaniambia nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Nilipofika mlangoni akaniita jina, halafu akasema hamna kitu, nenda.

Sikukuandikia kabla ya kuikabidhi, kwa kuwa najijua. Ningekuomba ushauri, na wakati nikisubiri jibu lako faili lingekwenda. Tangu Ijumaa nakaa chumbani. Kila kiatu kinachopanda ngazi nakihesabu mpaka kipite mlango wangu. Chini kuna mtu ameegemea kibanda cha tambuu tangu asubuhi. Huenda ananunua tambuu tu.

Nisamehe, Dada, kwa kuwaingizeni katika jambo ambalo sikuwauliza. Kaa na Mama umwambie taratibu, wakati wa mchana, akiwa ameshakula. Mwambie nilimkana mwanawe kwenye karatasi, na sasa nimemrudisha. Watu wakija wakauliza mko wangapi, msimfiche tena kwa ajili yangu. Semeni watatu, na mtajeni jina.

Nisalimie wanafunzi wako, na majirani wanaoniulizia. Mngoje mke wa Ko Win Bo mpaka apumzike ndipo umpe jibu, hata kama ni la mistari miwili. Kama sitakuwepo kulipokea, U Ohn Pe, aliyepita jana kunigombeza kwa kutomsikiliza, ameniahidi atalipokea yeye.

Ni mimi mdogo wenu, wako na wa Kaka,

Myo Thant,
wa tatu kuzaliwa