Fomu ya Masanja

Jumanne, Pasiansi

Nimemsainia. Masanja, msaidizi wangu katika timu ya chuo, ameleta fomu ya kozi ya ukocha kwa mara ya tatu. Mara mbili nilimwambia, "Bado hujaiva." Nilimdanganya. Niliogopa kubaki peke yangu uwanjani na magoti haya.

Leo baada ya mazoezi akasema, "Mzee, nisipoiva mwaka huu, nitaoza."

Nilicheka, kisha nikamweleza kwa kirefu, kama kawaida yangu, kwamba bila leseni atabaki mkufunzi wa jiografia anayepuliza filimbi jioni.

"Kama wewe, Mwalimu?"

"Kama mimi."

Kozi inaanza Jumatatu. Nani atakimbia na vijana mpaka ziwani asubuhi, sijui.