Kiwiko Changu na Nafasi ya Dada Skola

Jumanne, 6 Mei
Kunja, kunjua. Mara kumi. Pumzika. Mara kumi tena. Mkono wa kushoto bado kama mti. Hogo, ile plasta niliyofungwa nilipovunjika, lilikatwa wiki iliyopita, kiwiko kikabaki kimekaza. Dada Skola ndiye ananifanyisha mazoezi hospitali. Kapima na rula yake yenye mikono miwili. Nyuzi themanini. Kasema tutafika. Hasemi sana. Mimi pia. Ndiyo maana napenda kwenda.
Kurudi nyumbani Kasense kwa mguu. Upepo mkali.

Alhamisi, 8 Mei
Leo wanafunzi watatu wa chuo wamenizunguka kama ng'ombe wa mnadani. Dada Skola anawaonyesha pa kushika. Mmoja anaitwa Ima, mcheshi. Kasema, "Mshikaji, humu wewe ndio kitabu chetu. Usichanike." Nikacheka ndani kwa ndani.
Ima kanieleza mambo ya Dada Skola. Kamaliza digrii, sasa anasoma ya juu yake. Kwao Mwimbi hawana uwezo. Chuo kinamsomesha, na yeye anakifanyia kazi: anatibu wagonjwa, anafundisha hawa wadogo. Nafasi ni ya mwaka mmoja. Mwezi wa sita mwalimu wake anakuja kukagua wagonjwa wake. Akiridhika, anaongezewa mwaka. Asiporidhika, masomo yanaishia hapo.
Mimi ni mmoja wa hao wagonjwa.
Dada Skola kaniuliza kama nyumbani kuna mtu ananikanda au anauvuta mkono. Nikatikisa kichwa. Kasema nisikubali mtu auvute. Nikasema sawa.

Jumapili, 11 Mei
Baba mkubwa kaja baada ya misa. Ana jina huku kwa kukanda mifupa. Wanamletea watu mpaka kutoka Namanyere. Baba alipokufa yeye ndiye alinilea. Shamba ninalolima ni lake.
Kauangalia mkono, kacheka. "Huko wanakupapasa tu, mwanangu. Hivi utashika plau kwa kupapaswa?"
Maji ya moto, taulo, mafuta ya nyonyo. Watoto wake wawili wakanishika mabega. Akavuta. Nililia. Mama akatoka nje.
Baadaye mkono ulikunjika zaidi kidogo. Kweli ulikunjika. Nilifurahi.
Kasema atakuwa anakuja kila Jumapili na Jumatano.

Jumanne, 20 Mei
Nyuzi tisini na tano. Dada Skola kacheka mpaka meno ya nyuma. Kawaambia wanafunzi, "Mnamwona huyu? Mazoezi anafanya nyumbani, hadanganyi."
Halafu kauliza tena kama kuna anayeuvuta. Nikasema, "Hakuna, dada."
Uongo wa kwanza. Ulitoka rahisi. Nikaangalia viatu vyangu.

Alhamisi, 29 Mei
Kiwiko kimevimba. Kina joto. Nyuzi sabini. Dada Skola kapima mara mbili, hakuamini. Kasimamisha mazoezi yote.
Kaniuliza mara ya tatu. Kakaa chini kabisa, macho yake yakawa sawa na yangu. Nikasema hakuna. Akasema, kama anaongea peke yake, "Basi ni mimi. Nimekuharakisha."
Kwa nini sikusema? Ningesema, wangemwita baba mkubwa. Angeulizwa maswali mbele ya watoto wa shule, mzee mzima. Niliwaza aibu yake. Niliwaza shamba. Yeye dada sikumwaza.

Jumatano, 4 Juni
Baba mkubwa kavuta tena. Nikamwambia mkono una moto. Kasema hiyo ni damu inaamka. Sikumwambia aache.

Alhamisi, 5 Juni
Nimepigwa picha ya eksirei. Dada Skola kaishika kwenye mwanga wa dirisha. Mbele ya kiwiko kuna weupe kama ukungu. Ni mfupa. Unaota ndani ya nyama, mahali hapatakiwi mfupa. Kasema unaota hivyo nyama ikivutwa kwa nguvu ikachanika. Ndiyo maana mkono haukunjiki tena.
Alieleza taratibu, hakunigombeza. Bora angenigomba.
Mwalimu anakuja Jumanne. Kila mgonjwa aje na mtu wa nyumbani. Mama kamwambia baba mkubwa anisindikize. Sikupinga.

Jumanne, 10 Juni
Mwalimu kaja.
Mwalimu wao ni mtu mfupi, mpole wa sauti. Kaanza na wagonjwa wengine. Wote wazuri. Mama mmoja aliyepooza alitembea mpaka mlangoni, watu wakapiga makofi. Dada Skola alikuwa na furaha usoni.
Halafu mimi. Kaangalia picha. Kashika kiwiko.
"Nani kauvuta mkono huu?"
Dada Skola kasema, "Mgonjwa ni wangu, mwalimu."
"Sijauliza ni wa nani."
Kanigeukia. "Kijana, kuna mtu anakukanda nyumbani?"
Baba mkubwa alikuwa kwenye benchi, kofia kaiweka magotini. Nilimwona pembeni ya jicho. Hakutikisika. Nikanyamaza. Mwalimu akangoja. Akamuuliza baba mkubwa. Baba mkubwa kasema, "Sisi ni wakulima, mwalimu. Mkono tumewaachia nyie."
Dada Skola aliniangalia. Nadhani pale alijua. Hakusema.
Njiani baba mkubwa kaninunulia soda. Nilikunywa yote.

Alhamisi, 12 Juni
Sikuwa na zamu ya mazoezi ila nilienda. Ima hakunitania. Nimemsalimia mambo, hakuitika poa. Kasema mwalimu kaandika kwamba Dada Skola alitumia nguvu akaharibu kiungo cha mgonjwa. Jina lake halipelekwi mwaka ujao. Watachukua mwingine.
Nimekaa nyuma ya jengo la kufulia. Nilitamani mkono ukatike kabisa.

Jumatatu, 16 Juni
Nimeenda peke yangu asubuhi. Dada Skola alikuwa anafuta vitanda. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Baba mkubwa, maji, Jumapili, Jumatano. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu.
Kaendelea kufuta. Halafu kasema, "Nilikuuliza mara tatu."
Nikasema nitamwambia mwalimu. Akampigia, akaniwekea simu sikioni. Nikarudia. Nilikwama katikati, Dada Skola akanishika bega nikamaliza. Mwalimu kasema, "Kijana, hayo nilikuuliza Jumanne. Majina yamepita Ijumaa. Nafasi kapewa mwingine." Kasema atafuta yale aliyoandika juu ya Dada Skola. Nafasi yenyewe hairudi.
Dada Skola akaweka simu mfukoni. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Leta mkono." Akaugusa na vidole viwili tu. Kasema mfupa uachwe utulie, labda mwakani daktari ataukata. Mkono ukivutwa tena mfupa utaota zaidi, na hapo hakuna daktari atakayeuweza. "Mwambie baba yako mkubwa asikuguse. Utaweza?"
Nikasema nitaweza. Hakuonekana kuamini.
Alipogeuka kukunja shuka niliona analia.

Ijumaa, 20 Juni
Ima kaniambia Dada Skola anaondoka na basi la Mwimbi. Nikaenda stendi. Nilikuwa na mahindi ya kuchemsha, mama kayafunga. Dada Skola alikuja na begi moja na ndoo ya vyombo. Wanafunzi wake wawili walimsindikiza, yule wa kike analia waziwazi. Dada Skola akawa anamtuliza. "Wewe acha bwana, naenda kuvuna ulezi, siendi kuzikwa."
Mimi nilisimama nyuma ya kibanda cha vocha. Nilisema akipanda akakaa dirisha la upande huu nitamfuata. Alikaa upande huu. Sikumfuata. Basi likaondoka.
Mahindi nimeyarudisha nyumbani.

Jumapili, 6 Julai
Baridi. Baba mkubwa hakuwepo wiki tatu, alikuwa Namanyere kwa mgonjwa. Leo karudi. Baada ya misa kabandika maji, kaniita. Taulo begani, kiti tayari.
Nilikuja, nikasimama. Nikasema, "Hapana, baba."
Akadhani hakusikia. Nikasema tena.
"Yule binti kakufundisha kunikatalia?"
"Ndiyo, baba."
Nilitegemea hasira, haikuja. Kauangalia mkono, ulivyobaki umejikunja nusu kama wa mtu aliyebeba kikapu. Sijui aliona nini. Mama alikuwa jikoni kaacha kusonga ugali, anasikiliza.
Baba mkubwa akainama, akavua viatu. Akamimina yale maji kwenye beseni, akaingiza miguu yake. Mkono wangu hakuugusa. Mimi nikakaa kwenye kile kiti, kwa kuwa kilikuwa pale. Tulikaa hivyo mpaka maji yakapoa.