Jani Alilolitafuna Mama

Nyumba ya Mwisho,
Njia ya Msituni.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Kile kikohozi cha wifi kimekwisha? Mimi mzima. Mama yu hai. Natanguliza hilo ili mengine uyasome ukiwa umekaa.

Unayajua matembezi yetu ya asubuhi: Mama mbele na daftari la vipepeo na mimea, mimi nyuma, na mbwa wetu Karani katikati, ananusa kila kitu. Unakumbuka pia Mama alivyotufunza kutambua mmea: sugua jani, linuse, na kama harufu si mbaya, ndipo uliguse kwa ncha ya ulimi.

Alhamisi aliona kipepeo wa rangi ya chungwa akitaga mayai kwenye mmea asioujua. Akachuma jani, akalisugua, akalipeleka puani, kisha akalitafuna. Kaka, uvundo ule niliusikia nikiwa hatua tatu nyuma! Karani alirudi kinyumenyume. Nilipopiga kelele, Mama alikuwa ameshameza.

Hatukufika mbali akaanza kutapika, moyo ukimwenda mbio. Muuza maziwa akatupakia garini mpaka zahanati. Daktari akaniuliza, "Mmea gani?" Nilikuwa mikono mitupu. Kwa kiherehere changu, jani sikulichukua.

"Basi kalilete, haraka!"

Nilirudi mbio na Karani. Kila kichaka kilifanana na mwenzake. Nililia, nikamtukana hata kipepeo wa watu. Mara Karani akagoma. Nikamvuta, akakita miguu, manyoya yamemsimama. Nilimkaripia kwanza, kisha akili ikanijia. Mbele yetu palikuwa na kikonyo kilichokatwa, utomvu mweupe umekigandia.

Daktari alipouona mmea alijua la kufanya. Ijumaa moyo ukatulia, ila ameniambia wazi kwamba mara ya pili hautahimili.

Jana nililifungua daftari. Kwenye nafasi ya harufu, mwaka mzima, kila mmea umeandikwa "nzuri". Hata ule tuliokuwa tukiukimbia utotoni! Nikamkabili Mama. Akakiri kwamba tangu yale mafua makali ya mwaka jana hasikii harufu yoyote.

"Ningesema, mngenifungia ndani," akaniambia.

Nilikasirika, Kaka, nikasema maneno ambayo sikupaswa kumwambia mama yangu. Najua nawe utaniagiza nimfungie. Tafadhali usiniagize. Nimeshamwambia hatoki bila mimi, na haweki kitu mdomoni. Kunusa nitanusa mimi.

Mama akanisogezea kalamu.

"Haya. Lakini unieleze hasa inavyonuka. Usiniandikie 'nzuri' tu."

Msalimie wifi, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awafunike nyote huko mliko.

Wako akupendaye daima,
Mdogo wako.