Kifuniko Kinachoshuka Chenyewe

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, kikohozi cha vumbi la kadibodi kimepungua, na jirani yako Fundi Saa bado anakuja kunywa chai yako bila kuleta sukari yake. Mimi sijambo, ila shingo tu. Kuinama juu ya meza ya kuchorea kutwa nzima kumenifanya nitembee kama mtu aliyeangusha sindano.

Najua ungependa kusikia kwamba nimeachana na mambo haya na narudi karakanani. Bado. Nimefika mwaka wa mwisho, na filamu yangu ya kumalizia chuo ni katuni ya dakika tatu. Usicheke. Kila sekunde inataka michoro kumi na miwili, kwa hiyo yote ni elfu mbili mia moja na sitini, na naichora kwa mkono huu huu uliokuwa ukiupiga rula nikipaka gundi ovyo. Sikukuambia inahusu nini kwa sababu nilikuwa naona haya. Inakuhusu wewe. Mle ndani mna mtu mmoja, meza moja na kipande cha kadibodi. Anakata, anakunja, analivalisha sanduku karatasi, anapitisha ule mfupa wake wa kulainishia mikunjo, mwisho anaweka kifuniko. Hasemi neno. Mwezi wa nane sasa nauchora mkono wako wa kulia, nikiangalia ile video niliyokurekodi likizo ya mwisho huku ukilalamika kwamba nakuzibia mwanga.

Nina maombi mawili. Ulikuwa ukisema sanduku lililokaa sawasawa kifuniko chake hakisukumwi. Unakiweka juu, unaachia, kinashuka chenyewe taratibu huku hewa ikitoka. Kinachukua sekunde ngapi? Video yangu inaishia hapo hapo, betri ilikata. Nataka hiyo ndiyo iwe picha ya mwisho, na sitaki kubahatisha.

La pili ni kubwa kidogo. Filamu tunaikabidhi kwenye flashi, na flashi inatakiwa iwe ndani ya kifungashio cha kutengeneza kwa mikono. Tunaruhusiwa kumshirikisha fundi mradi tumtaje. Mwalimu anasema watahini watakishika kifungashio kabla hawajaona mchoro hata mmoja. Nimejaribu vitatu, na kilicho bora kati yao kimekaa kama kiatu kilichonyeshewa. Nitengenezee sanduku, mjomba, la ukubwa wa kiganja. Nakabidhi kazi tarehe 1 Juni.

Sijakupigia kwa sababu tulikubaliana siku naondoka: simu ni ya dharura, maneno ni ya karatasi.

Mpwa wako,
Gundi


27 Februari

Gundi,

Marahaba. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Shingo ikande kwa maji ya moto, na uinue meza badala ya kujiinamisha wewe.

Mwandiko unaouona si wangu. Miwani yangu imevunjika, kwa hiyo mimi nasema na Fundi Saa anaandika. (Nakusalimu sana, mwanangu. Sukari huwa naleta.)

Swali lako la kwanza tumelifanyia kazi. Nilichukua lile sanduku la zamani ninalowekea vifungo, yeye akashika saa, tukarudia mara tano. Ni sekunde nne. (Nne kasoro kidogo, lakini mjomba wako hataki kusikia kasoro.)

Kuhusu sanduku, hapana. Kazi zimenisonga. Uliishi na mimi miaka minne ukisoma shule hapo ng'ambo ya barabara, na kila jioni ulikuwa mezani kwangu. Nilikufundisha. Tengeneza mwenyewe.

Kuhusu kunichora, sina la kusema. (Kuna mengine amenikataza nisiandike.)

Mjomba wako


9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini miwani imepatikana. Mimi mzima.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta neno lililodondoka njiani. Sijalipata. Ahsante kwa zile sekunde nne. Nimeshachora kifuniko kwa michoro arobaini na minane, na kasoro ya Fundi Saa nimeiacha huko huko.

Nikuambie ukweli, nimeumia. Siku naondoka ulisema katuni ni za watoto, halafu ukarudi kukata kadibodi kabla gari halijaondoka. Nilijua ulitaka meza ile iwe yangu. Nilidhani nikikuchora, ukaona nimekuchora vizuri, tutakuwa tumeyamaliza bila kuyasema. Kama bado una kinyongo, niambie kwa mdomo wako, usinipe habari za kazi kusonga. Kazi zimekusonga miaka yote na hukuwahi kunikatalia kitu.

Sanduku nitahangaika nalo.

Mpwa wako,
Gundi


16 Mei

Gundi,

Hujambo? Huku hatujambo. Najua nimekaa kimya zaidi ya miezi miwili. Kimya si kinyongo.

Kwenye kifurushi hiki mna sanduku. Lipime na flashi yako, nadhani linatosha. Kona moja haikukaa, na kifuniko kinahitaji kusukumwa kidogo. Usiniulize kwa nini. Kama halifai, weka hata pini zako humo, sitanuna. (Atanuna.)

Miwani bado.

Mjomba wako


20 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali kwa mazoea, nakuuliza kweli. Hali yako ikoje? Mkono wako wa kulia una nini?

Mtu mwingine akilishika sanduku hili ataona sanduku. Mimi nimekuchora ukivalisha karatasi kwa mamia ya michoro. Unalishika sanduku kwa mkono wa kushoto, wa kulia unaizungusha karatasi, na maungio yake yanaangukia kona ya nyuma, kulia. Siku zote. Hata masanduku ya viatu uliyokuwa ukitengeneza huku unagombana na wateja, maungio yalikuwa kulia. La kwangu yako kushoto. Mikunjo ya kona zote nne imelazwa upande ambao hujawahi kuilaza. Nikadhani labda Fundi Saa ndiye aliyelitengeneza ili kunifurahisha. Nikageuza kifuniko, nikaikuta ile nukta yako ya penseli ya kuonyesha mbele ni wapi. Nukta ile hujawahi kumfundisha mtu mwingine zaidi yangu. Safari hii imekuwa kimstari kinachotetemeka.

Halafu nikazitoa barua zako zote za mwaka huu nikazitandaza kitandani. Hakuna hata moja yenye mwandiko wako. Miwani gani hiyo, mjomba, inayovunjika Februari na haijapatikana mpaka Mei, na duka la miwani liko mlango wa tatu kutoka kwako?

Nilishika simu nikupigie, nikaiweka. Ningekupigia ungesema uko mzima, na sauti yako inajua kudanganya kuliko karatasi. Ila nakukumbusha. Tulikubaliana simu ni ya dharura. Kumbe mkono wako si dharura?

Fundi Saa, najua unaisoma wewe kwanza. Msomee yote, usiruke.

Mpwa wako,
Gundi


29 Mei

Gundi,

Marahaba. (Nimemsomea yote. Chai yake ilipoa bila kuguswa.)

Ilikuwa Januari, kabla hata barua yako ya kwanza haijafika. Asubuhi mimi niliamka, mkono haukuamka. Daktari alisema ni kiharusi kidogo, nishukuru kwamba kimechukua mkono na kuacha mdomo. (Mdomo umebaki salama, mimi ni shahidi.) Siku hizi vidole vinafunga kidogo. Kikombe vinashika, kisu vinakataa. Mama yako hajui, na usimwambie mpaka nimwambie mimi, maana dada yangu namjua, atahamia hapa na sufuria zake.

Sikukuambia kwa sababu nakujua na wewe. Ungefunga mizigo siku ile ile, ukarudi kukaa kwenye meza hii kwa huruma, na mwaka wa mwisho ukapotea. Zamani nilitaka urudi, sikatai. Lakini si hivyo. Ndiyo maana nikakukatalia sanduku. Nilijua neno langu litakuchoma, nikaona bora uchomeke ukiwa chuoni.

Baadaye nikashindwa kulala kwa ajili ya ile barua yako ya Machi. Nikauambia mkono wa kushoto, haya, twende. Gundi, mkono ule ni mgeni hapa mezani. Miaka arobaini ulikuwa unashika tu, haujui chochote. Sanduku nililokutumia ni la kumi na saba. Yale kumi na sita Fundi Saa amewashia jiko. (Yalikuwa yanawaka vizuri.)

Sasa nimechoka. Seremala wa mtaa wa pili ameiulizia meza, nimemwambia mwisho wa Juni aje aichukue. Karakana nitaifunga. Usilie, kila kitu kina mwisho wake. Wewe kabidhi kazi yako.

Mjomba wako


18 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na mkono wako pia naupa shikamoo. Mimi ni mzima, nimelia, nimemaliza.

Nimefaulu. Nilikabidhi filamu ndani ya sanduku lako lile lile, na kona yake isiyokaa. Mtahini mmoja, mama mkali mwenye kalamu nyekundu, aliligeuza kwa muda mrefu. Alipomaliza kuangalia filamu aliniuliza mbona kwenye picha maungio yako kulia na mkononi mwake yako kushoto, je, nilikosea kuchora? Mwalimu wangu alikuwa hajaona. Mimi mwenyewe ningemkumbatia. Nikamwambia filamu ni mjomba wangu kabla ya Januari, na sanduku ni mjomba wangu baada ya Januari. Alilirudisha mezani kwa mikono miwili.

Tulitakiwa pia kuandika ukurasa mmoja wa tafakuri, tumejifunza nini kwenye mradi. Wenzangu waliandika habari za rangi na mwanga. Niliandika kwamba nimeuchora mkono mmoja kwa miezi mingi, nikaujua kila kifundo, na sikuwahi kumuuliza mwenyewe unaendeleaje. Niliandika pia kwamba anayechora kwa kukumbuka humgandisha mtu pale alipomwacha, na huku nyuma mtu anaendelea kuishi. Mwalimu ameniandikia pembeni, "Kweli." Nisamehe, mjomba. Nilikuwa nakuona kila siku na nilikuwa sikuoni.

Sasa nisikilize. Humu mna flashi yenye filamu mbili. Ya kwanza ni ile niliyokabidhi. Ya pili ni hiyo hiyo, ila nimeigeuza yote, kama unavyojiona kwenye kioo. Kuichora kulinimaliza shingo, kuigeuza kumeichukua kompyuta dakika moja. Mtu wa mle ndani sasa anafanya kazi kwa mkono wa kushoto, na nimeupunguza mwendo hadi nusu. Kila pembe ya kisu, kila namna kidole gumba kinavyotangulia kabla ya ule mfupa wa kulainishia, vimo humo, maana nilivinakili kwako moja moja bila kuelewa vingine ni vya nini. Ulisema mkono wa kushoto haujui chochote. Basi nimeuletea mwalimu, na mwalimu huyo unamjua, ni mkali.

Fundi Saa, televisheni yako ya dukani inapokea flashi. Iweke usawa wa meza. Na huyo seremala mwambie asubiri.

Nikishachukua cheti nitakuja, kukuona wewe, si kushika zamu yako.

Mpwa wako,
Gundi


11 Septemba

Gundi

hujambo mwanangu. Mimi sijambo.

Soma polepole. Mwandiko huu ni wangu, wa kushoto. Barua imenichukua siku mbili. Fundi Saa amesimama nyuma yangu amenuna kwa sababu leo hana mabano ya kuandikia.

Filamu tuliiangalia. Mara ya kwanza sikuangalia mikono. Nilimwangalia yule mtu. Kumbe nikikata kadibodi huwa natoa ulimi nje. Miaka minne ulikaa na mimi hukuniambia, ukaenda kuwaonyesha watahini. Halafu nikaona mkono wangu wa kulia unafanya kazi, nikalia, mbele ya mteja aliyeleta saa ya ukutani. Sioni aibu.

Ile ya pili tunaiwasha kila asubuhi. Anakata, nakata. Anakunja, nakunja. Nikikosea Fundi Saa anairudisha nyuma. Nimejifunza kwamba kidole gumba kinatangulia. Kazi nimeifanya miaka arobaini na nilikuwa sijui.

Nilisema katuni ni za watoto. Nilikosea, nisamehe. Nilisema pia nakufundisha ili urithi meza. Meza bado iko hapa. Seremala amekuja mara mbili, mara ya pili tumempa chai akaenda zake. Kuhusu wewe, chora. Hilo nalisema kwa mdomo wangu kama ulivyotaka.

Mama yako nimemwambia. Amekuja na sufuria.

Sanduku lililomo humu ni la hamsini na moja, la flashi yako ijayo. Maungio yako kushoto na yatabaki kushoto. Kabla sijalifunga nililiweka mezani, nikaachia kifuniko, Fundi Saa akashika saa. Ni sekunde nne, na safari hii hakutaja kasoro.

Mjomba wako