Baraka ya Unahodha

Jumatatu, 10 Februari 2025

Loveness amerudi kutoka Dar. Mjukuu wangu, nimemlea tangu mama yake afariki. Amekonda! Shikamoo yenyewe kaitoa huku anaangalia simu. Nikamwambia rudia, unaamkia simu au unaniamkia mimi? Akarudia.

Ana vyeti vinne. Kuzima moto, huduma ya kwanza, kujiokoa majini, na kingine cha kuishi na watu melini. Huyu mtoto wa kijijini kwetu Nambis, kijito tu alikuwa anavuka kwa kulia, ameruka kwenye maji marefu na jaketi la kuelea! Nilifurahi. Sikumwonyesha.

Kumbe hivyo vinne ni vya mlangoni tu, bila hivyo hupandi meli yoyote. Sasa achague njia. Moja: baharia wa zamu. Miezi michache unaingia kazini — kamba, kutu, rangi, kusaidia kushika usukani. Nyingine: uofisa. Miaka mitatu darasani, mwaka mzima wa mazoezi melini, halafu mtihani. Hiyo ndiyo inafika kwa nahodha. Fomu mwisho Ijumaa saa kumi jioni.

Anataka ya kwanza! Eti, Bibi, nitaanza chini, nitapanda baadaye.

Nusura nimmwagie uji. Maneno hayo nayajua. Mwaka sabini na tisa kaka yangu alinichagulia: anza na ufagio hospitali, ukunga utasoma baadaye. Nimefagia wodi miaka ishirini na saba. Hiyo baadaye sijaiona mpaka leo.

Jumanne, 11 Februari

Mwalimu Mwita kaja kuchukua maziwa. Mtu wa Musoma, kaka yake yuko kwenye meli za mizigo. Nikamkalisha: sema, njia ipi? Akajikuna. Kaka yake alianza na zamu, mwaka wa kumi sasa bado anakwangua kutu. Nikapiga meza. Unasikia Loveness!

Halafu akaharibu. Akasema na maofisa nao, wengi wanamaliza darasa wanakosa meli ya kuwachukua mazoezi. Bila siku za baharini cheti hakitoki. Nikamwuliza kama maziwa yake bado hayajajaa. Akaenda.

Mwanangu Baltazar naye anasema eti Loveness asomee upishi wa meli, kwa kuwa msichana. Wewe hata yai linakushinda kuchemsha! Akasema, Mama, mimi nimetoa wazo tu. Kalirudishe ulikolitoa.

Jumatano, 12 Februari

Leo majirani walikuja kunipalilia mahindi. Watu kumi na sita. Tumemaliza saa nane, wakakaa kwenye pombe na maharage. Mzee Margwe akauliza binti wa Dar anasomea nini.

Nikajibu mimi. Anasomea unahodha!

Makofi! Margwe akasimama, akamwita Loveness apige magoti. Nani anamkatalia mzee? Akapiga. Margwe akamnyunyizia pombe kichwani, akaomba maji yampishe, meli zimtii, asirudi njiani. Wote tukaitikia. Mimi kwa sauti kuliko wote.

Alipoinuka hakuniangalia.

Alhamisi, 13 Februari

Loveness anafua nguo zilizo safi.

Jioni akapasuka. Bibi, umenifunga! Wasichana wawili waliomtangulia wamemaliza darasa la uofisa, wako Temeke wanasuka watu nywele, meli hakuna. Yeye hesabu yake ni hii: awe baharia kwanza, siku zake ziandikwe kwenye kitabu cha baharia, kisha arudi kusoma uofisa na mkono wake ukiwa tayari unajua meli. Alishapanga. Hata meli inayochukua wasichana ameshaambiwa.

Nikamwambia basi jaza unavyotaka. Akacheka vibaya. Nimeombewa nisirudi njiani, mbele ya watu kumi na sita, halafu nikajaze kingine nikaingie baharini? Wewe ungeingia?

Nisingeingia; baraka ya mzee ukiivunja inageuka laana.

Nina hasira. Kwa nini hakusema palepale? Kwa nini Margwe ana haraka na watoto wa watu? Kwa nini mimi — basi.

Ijumaa, 14 Februari

Alfajiri nilikwenda kwa Margwe. Nikamwambia, mzee, fungua ile baraka. Akaniuliza: neno lile la unahodha lilikuwa la binti au lako? Nikasema la familia. Akauliza tena. Nikasema pombe nilipika mimi. Akacheka, mzee huyu! Akasema inafunguka, lakini wewe mwenyewe useme, mbele ya walewale walioitikia, kwamba ulisema lisilo lako. Mimi! Mbele ya watu waliokula maharage yangu! Nikaondoka bila kuaga.

Sasa tuko Mbulu mjini, kwa dada wa steshenari, anayechapia watu na kuwajazisha fomu. Loveness yuko mbele ya kompyuta. Kila kitu kajaza, bado nafasi moja tu ya kuchagua. Ameniambia taratibu, bila ukali, afadhali angefoka: Bibi, ukiifungua, najaza baharia wa zamu. Usipoifungua, najaza uofisa, na nikikosa meli nitarudi kukaa na wewe tupalilie.

Kumbe amempigia Baltazar. Baltazar amewakusanya wote kumi na sita uani kwa Margwe. Simu iko mezani, sauti juu. Nawasikia wanavyokohoa. Mmoja anauliza huyo bibi bado yupo au amelala. Baltazar anasema, Mama, wote wapo, sema tu.

Dada wa steshenari ameacha kuchapa. Loveness haniangalii, anaangalia ile nafasi.

Saa tisa na dakika hamsini. Nimewaambia wasubiri kidogo, natafuta miwani. Miwani iko usoni, ndiyo naandikia.