Baba Anampelekea Kuni Jirani Asiye na Jiko la Kuni

Shangazi Odile mpendwa, nisaidie, maana ujanja wangu umenitokea puani. Baba yangu Armand ameshapita miaka themanini na mwaka jana alivunja uzio wa padri kwa pikapu yake, akarudi nyuma, akauvunja na upande wa pili, ndipo akanyang'anywa leseni, nasi tukaficha ufunguo, akaupata, tukauficha tena, akawasha gari kwa bisibisi, hivyo mimi na mume wangu Rosaire tukamwambia tunataka kuigeuza pikapu iwe ya kubebea kuni msituni kwetu, na hakuna anayeijua kazi hiyo kama yeye, kumbe nia yetu ilikuwa moja tu, kwamba gari lisilo na milango wala paa wala namba haliwezi kukanyaga barabara kuu.

Alifurahi, Shangazi, sijawahi kumwona vile tangu tumzike mama. Alisimamia kila kitu, tukang'oa milango, tukakata paa, tukaondoa bodi la nyuma na kuweka jukwaa la mbao lenye vyuma pembeni ili magogo yasidondoke, tukafunga minyororo kwenye magurudumu, na jambo moja tu alilokataa ni kung'olewa kile kiti kirefu cha mbele, akasema, "Hicho kiacheni," lakini Rosaire alitaka nafasi ya msumeno na madumu ya petroli, akamfungia kiti kimoja cha trekta, na kile kirefu sasa kiko barazani kwetu, Rosaire anakikalia akinywa kahawa.

Sasa baba hashikiki. Banda letu limejaa kuni mpaka dirisha halionekani, la padri limejaa, na kila asubuhi anapita njia za msituni kumpelekea mjane Philomène, ambaye hana hata jiko la kuni, nyumba yake inapashwa moto kwa mafuta, lakini kuni anazipokea, anazipanga vizuri, anampikia baba ploye, zile chapati laini za unga, zikiwa za moto, na maharage, na kanisani watu wananiuliza harusi lini. Hilo ningelimeza. Lakini juma lililopita, barafu ikiwa bado nyembamba, alikatisha bwawani, gari likazama mpaka kwenye ekseli, akarudi nyumbani kwa miguu, peke yake, midomo ya bluu. Rosaire alikwenda kulivuta gari kwa trekta, mimi nikalia, nikamwambia baba naliuza kama chuma chakavu. Akanijibu, "Colette, ulinitoa barabarani nikanyamaza. Sasa unataka kunitoa wapi tena?" Tangu siku hiyo hanisemeshi, anakula chumbani kwake. Rosaire anasema tufiche betri, mimi nataka gari liondoke kabisa kabla halijaniulia baba. Nifanye nini?

Colette wa Ng'ambo ya Mto

*

Colette mwanangu, pole. Kumwona mzazi akiingia na midomo ya bluu si jambo la kuchekwa, na hapo sikucheka. Kwingine kote nimecheka mpaka miwani ikadondoka.

Umemtega mzee, mtego umefanya kazi, sasa unamlaumu mzee. Ulitaka asipite barabarani, hapiti. Ulimwambia kazi hii anaijua yeye, basi anaifanya. Na hiyo betri Rosaire asithubutu kuigusa. Mtu anayewasha gari kwa bisibisi atakosa betri? Atachukua ya gari lako, nawe kesho utakwenda kazini kwa miguu.

Kuhusu mjane, unadhani baba yako hajui kwamba hana jiko la kuni? Kila asubuhi yumo jikoni kwake anakula. Yeye anajua, Philomène anajua, bonde zima linajua ila wewe. Waache.

Sasa nikukemee. Katika kazi yote ile baba yako aliwaomba kitu kimoja, mkamnyima kwa ajili ya madumu ya petroli. Mama yako alikuwa akikaa wapi? Nilikuwa nawaona wakipita kwenda misa, amemsogelea baba yako kana kwamba gari limejaa, na ndani hamkuwa na mtu mwingine. Mzee huyo mkamwekea kiti cha mtu mmoja, halafu unashangaa kwamba alizama bwawani peke yake.

Kwa hiyo leo hii Rosaire ainuke, kahawa akainywe amesimama. Kiti kirudi garini, na mikanda ya kujifungia juu yake. Msumeno na petroli vikae nyuma na magogo. Ile njia ya bwawani iangushieni mti mkubwa uizibe, na mti auchague baba yako, maana kizuizi alichokiweka mwenyewe atakiheshimu. Mwombe radhi, kwa maneno, usimpelekee keki ukadhani imetosha. Kisha Jumamosi asubuhi vaa buti, ukakae kando yake, ushushe kuni, na usimfundishe kuendesha.

Na usichelewe. Kiti kikisharudi hakitakaa kitupu, Colette, na Philomène ameshavaa koti.