Kidonda Kilichoitiwa Damu

Oyugis, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Nakuomba, isome barua hii peke yako kisha uitie motoni. Asiione mtu, hata baba. Natumai u mzima na mguu unakuruhusu kulala. Mimi nipo, ila naogopa. Usinipigie, hapa kazini simu hupokelewa mbele ya watu.

Mama, sindano anazokudunga Daktari Osoro huko Kehancha zinatoka kliniki yake hii ninayofanyia ukarani. Dawa si ya uongo. Inafanana na kitu ambacho mwili hujitengenezea: huiambia nyama iote mishipa mipya ya damu, kidonda kipate chakula kifunge. Lakini nikiwa mlangoni nilimsikia Frankline wa maabara akimwambia Osoro kuhusu mguu wako, "Hilo ni kovu la moto la miaka mingi, limefunguka lenyewe. Kata kipande tupime kansa kwanza. Kama ni kansa, kwa mishipa hiyo utakuwa unaipelekea chakula." Osoro akacheka. "Tungoje majibu, wateja waende wapi?"

Acha sindano. Nenda hospitali ya serikali Migori wakupime. Usimtaje aliyekuambia.

Mwanao,
Caren

Kehancha, 19 Machi

Caren mwanangu,

Sisi wazima, ng'ombe amezaa. Wewe unakula?

Barua nimeichoma. Lakini mbona unanitisha? Kidonda kilikuwa cheupe kama maiti, sasa ni chekundu, nyama inajaa. Tangu niungue kwenye banda la kukaushia tumbaku, wewe hujazaliwa, nimefunika mguu huu kwa leso. Sasa siku ya soko Daktari ananikalisha kwenye kiti, ananifunua, watu wanapiga makofi. Hanilipishi. Nyanchoka, aliyekuwa akiziba pua nikipita, juzi ameniita dada. Leso nimeikata vitambaa vya meza.

Nilimuuliza Daktari kuhusu kansa. Jina sikutaja, nilisema tu binti yangu ana wasiwasi. Akasema, "Karani anajua mihuri, nyama ya mtu ataijulia wapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Au una wivu mama yako akipendwa?

Mama yako

Kehancha, 2 Juni

Caren,

Hujambo? Mbona kimya?

Nyama imepita ukingo wa kidonda, imefumuka kama kabichi. Nikiigusa inatoa damu. Kinenani kuna uvimbe kama yai. Jana Daktari alikuja na kiti chake, akamkalisha mtu mwingine. Aliponiona akasema, "Mama, jifunike, unafukuza watu." Sikuwa na leso.

Nifanye nini?

Mama yako

Kosele, 9 Juni

Mama,

Nakuuliza hali nikiogopa jibu.

Ulipouliza sokoni, Osoro alijua ni mimi niliyekuambia. Nilifukuzwa, kisha watu wake wakaja chumbani kwangu kunitafuta. Ndiyo maana nilinyamaza.

Nenda Migori leo, usingoje mtu wa kukusindikiza. Muuguzi wa kwanza utakayemwona mwambie: kovu la moto, limeota nyama, nimedungwa dawa ya kuotesha mishipa. Sema hivyo hivyo. Usione haya kujifunua.

Niko Kosele kwa Filister, anayeuza dagaa wa omena. Usiulize Caren, sema unamtafuta mgeni wa Filister. Barua mpe mkononi Bonface, yule msafirisha mizigo aliyeniletea huku ile yako ya juzi. Asiiache Oyugis. Ukishindwa kuandika, mpe bahasha tupu. Nitajua uko hai.

Mwanao